Bei ya Simu Haizaliwi Kiwandani

Msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa mwezi Mei, Kasoli, wilayani Bariadi, huwa na shughuli nyingi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Mikokoteni ya ng'ombe na baiskeli huelekea ghalani tangu alfajiri, zikiwa zimesheheni marobota ya pamba iliyopaliliwa, ikapigiwa dawa na kuchumwa kwa mikono ya familia nzima. Karani wa chama cha msingi husoma mizani, huandika kilo kwenye stakabadhi, na bei ya kuzidisha kilo hizo inajulikana kabla mkulima hajatoka nyumbani. Bei hiyo haikupangwa na mkulima, wala karani, wala chama cha msingi. Imetoka mbali.

Penye ghala hilo hilo hakosekani mtu mwenye simu janja ya daraja la juu mkononi. Aghalabu ni kijana wa kijijini ambaye sasa ni mtumishi wa Serikali au mwalimu, naye amefika kumsaidia mzazi wake siku ya mizani. Simu hiyo nayo ina bei iliyotoka mbali. Lakini bei hizo mbili hazifanani hata kidogo katika jinsi zinavyozaliwa, na yeyote atakayeelewa tofauti yake ataelewa sehemu kubwa ya sababu zinazomfanya mkulima wa Kasoli abaki pale alipo, pamoja na bidii yake yote.

Yafaa kuanza na hesabu. Novemba 2017 kampuni ya Apple ya Marekani ilianza kuuza simu ya iPhone X kwa dola 999. Kwa thamani ya fedha ya wakati huo, hizo zilikuwa zaidi ya shilingi milioni mbili na laki mbili. Katika msimu wa pamba uliofuata, wa mwaka 2018, kilo moja ya pamba mbegu ilinunuliwa kwa shilingi 1,100. Maana yake ni kwamba mkulima aliyetaka simu hiyo ilimpasa apeleke mizanini kilo 2,000 na ushei. Mkulima mdogo wa Kanda ya Ziwa huvuna kwa kawaida kilo 200 hadi 300 katika ekari moja. Basi simu moja inayoingia mfukoni ilikuwa sawa na pamba yote ya ekari saba hadi kumi, kabla hajatoa gharama ya mbegu, ya dawa na ya vibarua.

Mtu anaweza kusema kwamba simu ni chombo cha ajabu na pamba ni pamba tu. Hoja hiyo ina nguvu kidogo. Swali la haki zaidi ni hili: je, simu hiyo iligharimu kiasi gani kuitengeneza?

HESABU YA VIPURI

Wako wataalamu ambao kazi yao ni kununua simu mpya, kuifungua, na kukadiria gharama ya kila kipuri kilichomo. Kampuni ya uchunguzi ya IHS Markit ilifanya hivyo kwa iPhone X na kukadiria kwamba vipuri vyake vyote viligharimu dola 370 na senti 25. Kilichogharimu zaidi kuliko vyote kilikuwa kioo chake, dola 110, nacho kilitengenezwa na Samsung, ambaye ni mshindani mkubwa wa Apple sokoni. Mwaka mmoja kabla ya hapo, wachunguzi hao hao waliikadiria iPhone 7, iliyouzwa kwa dola 649, kuwa na vipuri vya dola 219 na senti 80. Gharama ya kuviunganisha vipuri hivyo kiwandani hadi simu ikamilike waliikadiria kuwa dola 5.

Msomaji na atulie juu ya tarakimu hiyo ya dola 5. Hiyo ndiyo thamani iliyowekwa juu ya kazi ya wafanyakazi waliokaa mstarini na kufunga skrubu, kubandika vioo na kupima sauti. Wala si jambo la mwaka mmoja. Watafiti watatu wa Marekani, Kenneth Kraemer, Greg Linden na Jason Dedrick, waliichambua bei ya iPhone ya mwaka 2010 na kukadiria kwamba asilimia 58.5 ya bei yake ilibaki kwa Apple kama faida, ilhali ujira wa wafanyakazi wa China ulikuwa asilimia 1.8 tu. Simu ilibeba chapa ya kuonyesha kwamba imeunganishwa China. Fedha zake hazikukaa China.

Wala Apple si peke yake. Galaxy S8 ya Samsung, iliyotoka mwaka 2017, ilikadiriwa na wachunguzi hao hao kugharimu dola 307 na senti 50, pamoja na kazi ya kuiunganisha. Sokoni iliuzwa kwa zaidi ya dola 700. Huo ndio mtindo wa daraja la juu la simu, hata muuzaji awe nani.

UTETEZI WA WENYE KAMPUNI

Si haki kuhukumu kabla ya kusikiliza upande wa pili. Wenye kampuni husema, na husema kweli, kwamba hesabu ya vipuri haimalizi gharama. Kuna usafirishaji, kuna dhamana kwa mnunuzi ambaye simu yake itaharibika, kuna programu zinazoendelea kurekebishwa kwa miaka kadhaa baada ya simu kuuzwa, kuna maduka na matangazo, na juu ya yote kuna utafiti. Chipu iliyomo ndani ya simu haikuota kama uyoga. Maelfu ya wahandisi walikaa miaka mingi wakiichora, na mishahara yao yote ililipwa kabla simu ya kwanza haijauzwa.

Hoja hiyo yapasa ipimwe kwa tarakimu za kampuni yenyewe. Katika mwaka wake wa fedha wa 2017, Apple iliuza bidhaa na huduma za dola bilioni 229. Ukilichukua pato hilo kana kwamba ni dola 100, basi takriban dola 61 na nusu zilikuwa gharama za bidhaa zilizouzwa, pamoja na gharama nyingi ambazo wachunguzi wa vipuri hawazihesabu. Utafiti, ambao ndio ngao kubwa ya utetezi, ulichukua dola 5. Uuzaji na uendeshaji vilichukua karibu dola 7. Baada ya kodi, dola 21 zilibaki kuwa faida safi.

Kwa hiyo faida ilikuwa mara nne ya utafiti. Utafiti ni gharama ya kweli, lakini hautoshi kueleza bei. Mtu aliyelipa dola 999 akiamini kwamba analipia akili ya wahandisi, alilipia akili hiyo kwa sehemu ndogo, na kwa sehemu kubwa zaidi alilipia kitu kingine. Kitu hicho ndicho kinachotakiwa kufahamika.

JINA, HATAZA NA UZIO

Septemba 2017 lilitokea jambo dogo ambalo linafundisha kuliko vitabu vingi vya uchumi. Siku Apple ilipotangaza simu zake mpya, bei ya iPhone 7 ilishushwa siku hiyo hiyo kutoka dola 649 hadi dola 549. Simu ilikuwa ile ile, na ubora wake ulikuwa ule ule wa jana yake. Vipuri havikuwa rahisi kwa dola 100 kati ya asubuhi na jioni. Kilichobadilika ni kwamba simu hiyo haikuwa mpya tena machoni pa mnunuzi. Kama bei ingekuwa mtoto wa gharama, isingeweza kushuka wakati mama yake amesimama palepale.

Bei ya simu ya daraja la juu huzaliwa mahali pengine, nako ni katika uwezo wa muuzaji kushika kitu ambacho mnunuzi anaamini hawezi kukipata kwa mwingine. Uwezo huo una nguzo tatu.

Nguzo ya kwanza ni jina. Tunda lililong'atwa lililochorwa nyuma ya simu haliongezi nguvu ya betri wala haliifanyi sauti isikike vizuri zaidi, lakini humwambia kila aliye karibu kwamba mwenye simu ni mtu wa aina fulani. Watu wako tayari kulipia ujumbe huo, na kampuni inajua hivyo.

Nguzo ya pili ni hataza, yaani haki ya kisheria inayompa mvumbuzi uwezo wa kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake bila kumlipa. Kampuni ya Qualcomm ya Marekani, yenye hataza nyingi za mawasiliano ya simu, imekuwa ikiwatoza watengenezaji asilimia ya bei ya simu nzima, wala si ya kipuri chake peke yake. Mtengenezaji akiweka kioo bora zaidi na bei ikapanda, mwenye hataza naye hupata zaidi, ingawa kioo si chake.

Nguzo ya tatu ni uzio. Mtu akishaweka picha zake, barua zake na programu alizonunua ndani ya mfumo wa kampuni moja, kuhamia kwa nyingine ni kama kuhama nyumba wakati wa masika. Anaweza, lakini hataki. Kampuni huuza simu, kisha hutoza ushuru mlangoni: kwa miaka mingi Apple imechukua hadi asilimia 30 ya malipo yanayofanywa ndani ya programu zinazopitia duka lake.

Nguzo hizo zote hazionekani kwenye mstari wa kiwanda. Ndiyo maana mfanyakazi wa mstarini hapati sehemu yake. Yeye anaweza kubadilishwa na mwingine wa mji mwingine au wa nchi nyingine, na mtu anayeweza kubadilishwa hana sauti katika bei.

PAMBA ISIYO NA JINA

Sasa na turudi ghalani Kasoli. Mkulima wa pamba yuko katika hali ile ile ya mfanyakazi wa mstarini, tena mbaya zaidi, kwa sababu mfanyakazi ana mshahara wa mwezi na mkulima ana mvua. Pamba ya Kasoli ikichambuliwa, karibu theluthi moja ya uzito wake huwa nyuzi na sehemu kubwa ya kinachobaki ni mbegu za kukamulia mafuta. Nyuzi hizo zikishafungwa marobota na kupita bandarini, hakuna mnunuzi wa shati anayejua kama zilitoka Bariadi, India au Brazil. Hazina jina. Bei yake hufuata soko la New York na vipimo vya soko la dunia vinavyotolewa Liverpool, na kutoka huko hushuka hadi kuwa bei elekezi anayoisikia mkulima.

Mwaka 2022 msimu ulifunguliwa kwa bei ya shilingi 1,560 kwa kilo. Mwaka 2023 ulifunguliwa kwa shilingi 1,060. Jembe halikushuka bei, dawa haikushuka bei, wala jua halikupunguza ukali wake. Shilingi 500 zilitoweka katika kila kilo kwa sababu ambazo hakuna mtu wa Kasoli aliyezisababisha. Hapa pana tofauti kubwa na ile simu ya mwaka 2017: kampuni ilishusha bei kwa hiari yake, siku iliyoichagua yenyewe, ili iuze zaidi. Mkulima alishushiwa.

Shati la pamba la mtu mzima hutumia nyuzi zisizozidi sana robo kilo, ambazo hutokana na takriban robo tatu za kilo ya pamba mbegu. Kwa bei ya mwaka 2023, pamba hiyo ilimpatia mkulima shilingi zisizofika 900. Msomaji na ajiulize mwenyewe amelinunua kwa kiasi gani shati alilovaa. Simu na shati vinafuata sheria moja: aliye karibu zaidi na udongo au na mashine hupata kidogo, na aliye karibu zaidi na jina hupata kingi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la leo methali hiyo imegeuzwa juu chini. Pamba nzuri ya kuchumwa kwa mkono haijiuzi, na simu hujitembeza kila mwaka kwa matangazo ya dunia nzima.

WAZEE WALIJUA

Wananchi wa Usukumani hawakuanza leo kuuliza bei huzaliwa wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walitambua kwamba sehemu ya jasho lao ilikuwa ikipotelea kwenye mizani ya wafanyabiashara walionunua pamba. Hawakuishia kulalamika. Chini ya uongozi wa Paul Bomani walijenga vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo viliungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Walianza kwa kuishika mizani, kisha wakasogea mbele na kumiliki mitambo ya kuchambulia pamba. Walielewa kwamba kila hatua ambayo mkulima haimiliki ni hatua ambayo mwingine ataitoza.

Hali kadhalika, katika miaka ya mwanzo ya uhuru Taifa lilichukua hatua iliyofuata, ile ya kusokota na kufuma. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na Mwatex ya Mwanza na Mutex ya Musoma zikafuma vitambaa kwa pamba ya Kanda ya Ziwa. Khanga na vitenge vya viwanda hivyo vilijulikana kwa majina. Yaliyotokea baadaye yanajulikana pia: usimamizi mbovu, mitambo iliyochakaa, vyama vya ushirika vilivyovunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982 vikiwa dhaifu, na mwishowe milango iliyofunguliwa kwa nguo za mitumba. Ngazi iliyopandwa kwa taabu ikateremkwa, na sehemu kubwa ya pamba ikarudi kuuzwa nje ikiwa nyuzi ghafi.

KUUNGANISHA TU HAKUTOSHI

Siku hizi husikika ushauri kwamba dawa ya ughali wa simu ni kuziunganishia hapa hapa Afrika. Ushauri huo ni mwema, lakini usipoangaliwa vizuri utadanganya watu. Rwanda ilizindua kiwanda cha simu za Mara mjini Kigali Oktoba 2019, na simu zake zikatoka kwa bei ya takriban dola 130 na dola 190. Kenya ilizindua kiwanda cha kuunganisha simu Athi River Oktoba 2023, na simu yake ya bei ya chini ikauzwa kwa shilingi za Kenya 7,499. Juhudi hizo zafaa kuheshimiwa, kwa kuwa zinatoa ajira na zinafundisha mikono ya vijana. Lakini nchi inayounganisha tu imechagua kugombea zile dola 5. Zile dola 370 za vipuri zitaendelea kwenda Asia, na pengo lililo juu yake litaendelea kwenda kwa mwenye jina.

Wengine hutazama kodi. Katika bajeti ya mwaka 2021/22, Serikali ya Tanzania ilisamehe Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa simu janja ili wananchi wengi zaidi waingie katika intaneti, na msamaha huo ukafutwa katika bajeti ya 2022/23. Kodi hiyo ni asilimia 18. Pengo kati ya vipuri na bei ya simu ya daraja la juu huzidi asilimia 100. Msamaha wa kodi unaweza kumpunguzia mnunuzi mzigo, ikiwa muuzaji atakubali kuupitisha hadi kwake, lakini haugusi mahali ambapo bei inazaliwa.

Yapo pia madini. Katika vilima vya Dutwa, wilaya hiyo hiyo ya Bariadi, watafiti waliikuta nikeli, madini yanayotumika katika betri na katika vyuma visivyoshika kutu. Endapo siku moja yatachimbwa na kusafirishwa yakiwa udongo, Kasoli itakuwa na mazao mawili yasiyo na jina badala ya moja.

Mifano ya njia nyingine ipo, tena karibu. Ukiriguru, mkoani Mwanza, watafiti wamezalisha kwa miongo mingi mbegu za pamba zinazoifaa Kanda ya Ziwa, zikiwamo zenye majani ya manyoya yanayowashinda wadudu wafyonzao. Mbegu ya UKM08 inayojulikana na kila mkulima imebeba jina la Ukiriguru. Huo ni utafiti wa kweli, na matunda yake yalikwenda kwa mkulima badala ya kujengewa uzio. Wilayani Meatu, mkoani humo humo Simiyu, wakulima walianza mwaka 1994 kulima pamba hai katika mradi wa bioRe, na mkataba wao uliweka nyongeza ya asilimia 15 juu ya bei ya soko. Pamba ilipopata jina, bei ilipanda. Lakini hata hapo, kampuni iliyolipeleka jina hilo sokoni, Remei, ni ya Uswisi. Hatua iliyobaki ni jina lenyewe kuwa mali ya wakulima.

WAJIBU WA MTUMISHI NA MWALIMU

Mambo haya yanawahusu watumishi na walimu kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni mifuko yao. Kima cha chini cha mshahara wa Serikali kilipandishwa Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Hata kwa kiwango hicho kipya, simu ya shilingi milioni mbili na ushei ni mshahara wa zaidi ya miezi minne, bila kula wala kulipa kodi ya nyumba. Hata hivyo wapo wanaozinunua kwa mikopo, ile ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu, au kwa mpango wa malipo ya kila siku ambapo simu hujifunga mara mkopaji anapochelewa. Mtumishi wa namna hiyo hulipa mara tatu: hulipia vipuri, hulipia jina, kisha hulipia riba ya kukopa jina. Simu ya bei nafuu hupiga, huandika, hutuma fedha, hupiga picha na kufungua kitabu. Kumwambia mtu aridhike nayo si kumnyima maendeleo. Ni kumwambia aangalie anacholipia. Kiongozi wa idara anayeonekana na simu ya kawaida hufundisha zaidi kuliko waraka wa kubana matumizi.

Ya pili ni kubwa zaidi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa ndipo mwalimu anapohitajika kuliko mtu yeyote. Apple inajua gharama ya kila skrubu ya simu yake. Mkulima wa kawaida hajui kilo yake moja ya pamba imemgharimu kiasi gani, kwa sababu hahesabu siku zake za kupalilia, wala za mkewe, wala za watoto wake wakati wa kuchuma. Mtu asiyejua gharama yake hawezi hata kutambua amepata hasara msimu upi. Hesabu hiyo iko ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa darasa la sita. Shule za vijiji vya pamba zingeweza kuifanya kila msimu: ekari ngapi, siku ngapi, dawa kiasi gani, kilo ngapi. Matokeo yake yakisomwa mbele ya mkutano wa chama cha msingi yatazaa maswali ambayo viongozi wa ushirika watalazimika kuyajibu.

Watumishi nao, hasa wa kilimo, viwanda na biashara, wana deni lao. Kila mradi unaoletwa mezani mwao kwa jina la uwekezaji yapasa uulizwe swali moja kabla ya mengine: je, jina, uchoraji na hataza vitakuwa vya nani? Ajira mia moja za kufunga skrubu ni njema. Kiwanda ambacho baada ya miaka kumi hakijamwachia Mtanzania hata mchoro mmoja alioubuni kimeacha zile dola 5 peke yake. Na msichana wa sekondari ya kata ambaye hana maabara ya fizikia ndiye mhandisi ambaye Taifa linamkosa leo kwenye meza ya kuchora chipu. Maabara hiyo ni sehemu ya mapambano ya bei, ingawa haionekani hivyo kwenye vitabu vya bajeti.

Haitarajiwi kwamba Kasoli itatengeneza simu mwaka ujao. Linalotarajiwa ni jepesi zaidi na liko karibu zaidi: kwamba chama cha msingi kiweke daftari la gharama, kwamba ushirika ufikirie upya kusokota na kuuza kwa jina lake, kwamba mwalimu awafundishe watoto kuuliza bei ilikozaliwa, na kwamba kijana anayemsaidia baba yake mizanini aitazame simu iliyo mkononi mwake na kuhesabu ni ekari ngapi za pamba ameshika. Wazee wake waliihesabu mizani ya mwaka 1952, wakaishika. Hesabu ya kizazi chake ni ndefu zaidi, lakini inaanzia pale pale ghalani, msimu ujao wa pamba utakapofunguliwa.